Ziwa nalo lina mipaka

Mhariri,

Mimi ni mkulima wa miwa hapa Muhoroni, na huenda ukajiuliza Ziwa Victoria lanihusu nini. Mbolea niitiayo shambani mvua huisomba hadi Mto Nyando, nao Nyando humwaga kila kitu Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa hilo. Ndiyo maana magugumaji hunawiri kule kuliko miwa yangu.

Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Katika kipande hicho tumebananisha uvuvi wa omena, maji ya kunywa, meli za bandari ya Kisumu, na sasa vizimba vya kufugia ngege. Vizimba sivipingi, kwani samaki wa asili wamepungua. Lakini mwishoni mwa 2022 samaki walikufa kwa wingi vizimbani upande wa Kisumu, ikaelezwa kuwa maji yalikosa oksijeni. Kizimba kikiwekwa penye maji ya kina kifupi yasiyotembea, mabaki ya chakula na kinyesi hutuama papo hapo.

Juzi ufuoni Dunga nilimkuta mzee akishona wavu ulionasa kwenye kamba ya kizimba. "Mwanangu, pale ndipo ngege walikuwa wakizalia," akasema, sindano ikielekea mafunjo.

Basi kaunti na watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, watuchoree ramani: mazalia, vizimba, njia za meli. Vikundi vya usimamizi wa fuo vishirikishwe kabla kibali cha kizimba hakijatoka, si baadaye. Nami, safu zangu mbili za miwa zilizo ukingoni mwa Nyando nitazing'oa msimu huu.

Msomaji,
Muhoroni