Usimwazime mtu laini yako

Kama umewahi kuambiwa, "Buda, nisaidie na laini yako nipokee pesa kidogo, yangu inasumbua, nitakuachia thao moja," jua kwamba huyo hakuwa mtu mwenye laini mbovu. Alikuwa anatafuta pa kupitishia mali ya wizi. Na hakukuchagua kwa bahati. Amekuona kijana, mfuko mtupu, kitambulisho safi, na hujawahi kulala kwenye seli.

Tunaandika haya tukifikiria Muthara, kule Tigania Mashariki, Kaunti ya Meru. Ukiwa Roysambu au Kayole utasema Muthara ni mbali. Si mbali. Ni arafa moja tu.

Huko ni nchi ya miraa, na miraa haingoji mtu. Inachumwa, inafungwa vibunda, inafunikwa kwa majani ya mgomba isinyauke, kisha inapakiwa kwenye gari ambalo likikupita barabarani unashika kofia. Ikipita siku mbili hivi kabla ya kumfikia mtafunaji, bei imeanguka. Mchumaji, mfungaji, broka na dereva, wote wanataka pesa zao hapo hapo, na siku hizi hapo hapo ni kwenye simu. Katika haraka hiyo nani atakaa chini asome arafa mara mbili? Mwizi anajua hakuna. Anatuma ujumbe ulioandikwa kama wa M-Pesa, kisha anapiga simu akifoka, "Mzee, si umeona pesa? Achilia mzigo!" Mzigo unaondoka. Jioni mwenye mzigo anaangalia salio na kukuta hakuna kilichoingia.

Watu hawa tayari wameona soko likifungwa mbele ya macho yao. Uingereza ilipiga miraa marufuku mwaka 2014. Somalia nayo ikaizuia kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Hayo yaliamuliwa na serikali na mkulima hakuwa na la kufanya. Lakini mzigo unaopotea kwa arafa feki unaibwa na mtu mmoja, na mtu huyo hawezi kufanya kazi peke yake. Hapo ndipo wewe unaingia.

Wengi wetu tukisikia wizi wa mtandaoni tunamwona jamaa mwenye akili nyingi, amevaa hudi, anabonyeza kompyuta gizani mpaka benki ifunguke. Wapo watu wa hivyo. Ila kuiba pesa kwenye mfumo ni nusu ya kazi. Nusu ngumu ni kuzitoa. Pesa ya kwenye simu au benki ina nyayo: kila inapokanyaga, inaacha namba, jina na saa. Mwizi hawezi kuituma kwa jina lake. Lazima apate majina ya watu wengine, na ayapate mengi.

Angalia kilichotokea kwa Benki Kuu ya Bangladesh Februari 2016. Wezi waliingia kwenye mitambo yake na kuagiza karibu dola bilioni moja zitolewe katika akaunti yake iliyoko New York. Agizo moja la dola milioni 20, lililokuwa likielekea Sri Lanka, lilikwama kwa sababu jina la mpokeaji lilikuwa limeandikwa vibaya na mtu akaligundua. Kosa la tahajia likaokoa mamilioni. Lakini dola milioni 81 zilifika Ufilipino na kuingia kwenye akaunti chache zilizokuwa zimefunguliwa miezi mingi kabla kwa vitambulisho bandia. Akaunti zilikuwa tayari kabla ya wizi wenyewe. Bila hizo, ujuzi wote ule wa kompyuta ungekuwa bure.

Usiseme hiyo ni Asia. Hapa kwetu, Aprili 2024, Equity iliripoti kwa polisi kwamba imeibiwa zaidi ya Sh179 milioni. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, pesa ziligawanywa katika akaunti zaidi ya 500, nyingine zikasukumwa hadi benki nyingine na M-Pesa. Hebu jiulize: mwizi atawezaje kupitisha pesa kwenye akaunti mia tano bila kutumia majina ya watu wengine? Hatusemi kila mwenye akaunti alijua. Tunasema wizi wa aina hii hauwezekani bila majina ya watu, na jina lako ni miongoni mwa yale yanayotafutwa.

Sasa fikiria kesi ikifika kwako. Mwizi ametupa simu yake na kununua nyingine. Wewe huna pa kutupa. Laini ni yako, kitambulisho ni chako, sura iliyo kwenye kamera ya ajenti ni yako. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema ulaghai wa kompyuta unaweza kukuletea faini ya hadi Sh20 milioni, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Utasimama mbele ya hakimu ueleze kwamba ulipewa thao moja tu na hukuuliza maswali. Huo si utetezi. Kutouliza maswali ndiyo kazi uliyolipwa kufanya.

Tunajua utajibu nini: kazi hakuna, na Sh1,000 ni unga, ni kodi, ni nauli ya kwenda kutafuta kibarua. Ni kweli, na hatutakucheka. Lakini pesa hiyo imetoka mfukoni mwa nani? Si lazima iwe ya benki kubwa yenye ghorofa Upper Hill. Inaweza kuwa ya mama wa duka pale Muthara, ya chama cha akina mama, ya kijana mwenzako wa bodaboda anayelipia pikipiki kila siku. Benki ikiibiwa itajikung'uta na kuendelea. Mama wa duka anafunga.

Benki nazo zisijifiche nyuma ya vijana. Tangu 2017 Benki Kuu ya Kenya imezitaka benki ziipashe habari za shambulizi kubwa la mtandaoni ndani ya saa 24. Vizuri. Lakini mteja aliyeibiwa saa tano usiku yeye anapashwa habari na nani? Anaambiwa abonyeze moja, abonyeze tatu, asubiri, huku pesa ikipita akaunti ya nne. Tunataka simu za dharura za ulaghai zipokelewe na mtu usiku na mchana. Tunataka mafunzo yafike sokoni kwa Kimeru na Kiswahili, si kwa mabango ya Kiingereza. Na mfanyakazi yeyote wa ndani anayeuza taarifa za wateja ashtakiwe hadharani badala ya kufutwa kimyakimya akaajiriwe kwingine. Nyumba haiwezi kulindwa kwa kufuli ikiwa askari wa ndani anauza funguo.

Tukingoja hayo, kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti ya mtu.

Ukiuza kitu, usiachilie mzigo kwa sababu ya arafa. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Ujumbe wa kweli unatoka kwa MPESA, hautoki kwa namba ya mtu. Mteja akikukimbiza, hapo ndipo upunguze mwendo.

Kama laini yako ni ya Safaricom, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, usilale nayo. Piga *100*100# ili laini yako isibadilishwe kiholela na mtu mwingine dukani. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000. Anayekupigia kwa namba nyingine na kutaka PIN ni mkora, hata akijua majina yako yote matatu. Arafa za kitapeli zitume kwa 333, ni bure.

Kwa wenye biashara: kila mhudumu awe na neno lake la siri. Duka ambalo PIN moja inajulikana na watu watano, pesa zikipotea hakuna wa kuulizwa.

Na ukitapeliwa, sema. Piga simu kwa kampuni na benki dakika hiyo hiyo, kisha uende polisi. Watu wengi hunyamaza kwa aibu, eti wataambiwa ni washamba. Wakati wewe unaona haya, mwizi anahamisha pesa. Dakika kumi za mwanzo zinaweza kuwa tofauti kati ya pesa kuzuiwa na pesa kwisha.

Vijana wa mjini ndio mafundi wa simu katika kila familia. Wewe ndiye unayemwekea shosho programu, unayemsomea mzee arafa, unayeitwa M-Pesa ikikwama. Wikendi hii wapigie wa nyumbani. Waambie kuhusu salio, kuhusu 333, kuhusu PIN. Na yule jamaa akirudi na hadithi ya laini yake inayosumbua, mjibu kwamba ajenti yuko hapo kwenye kona, aende na kitambulisho chake mwenyewe.