Bordeaux 2024: Mvinyo na Bei ya Kusubiri

Mvinyo mpya wa Bordeaux huanza kuuzwa kabla haujatiwa kwenye chupa. Zabibu za mwaka 2024 zilivunwa Septemba na Oktoba, zikachachushwa, na ilipofika Aprili 2025 waonjaji na wanunuzi kutoka nchi nyingi walialikwa kuuonja mvinyo huo ukiwa bado ndani ya mapipa ya mwaloni. Anayeununua wakati huo hulipa leo na kupokea chupa zake baada ya miaka miwili hivi. Biashara ya namna hii inahitaji mambo mawili: mavuno yanayoaminika na bei inayomshawishi mtu asubiri. Mavuno ya 2024 yaliweka yote mawili kwenye mizani.

Bordeaux iko kusini-magharibi mwa Ufaransa, karibu na Bahari ya Atlantiki. Mito miwili, Garonne na Dordogne, hukutana hapo na kufanya mlango mpana wa bahari uitwao Gironde. Upande wa kushoto wa maji kuna Médoc na Graves, penye ardhi ya changarawe inayopitisha maji upesi na kutunza joto la mchana. Huko hutawala zabibu aina ya Cabernet Sauvignon, ambayo huchelewa kuiva na ina maganda mazito. Upande wa kulia kuna Saint-Émilion na Pomerol, penye udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, na zabibu kuu ni Merlot, laini zaidi na inayowahi kuiva. Merlot ndiyo inayolimwa kwa wingi kuliko zote katika eneo zima. Mvinyo mwekundu wa Bordeaux kwa kawaida ni mchanganyiko wa aina mbili au zaidi, na desturi hiyo ina hekima ya mkulima ndani yake: mwaka ukiidhuru aina moja, nyingine huweza kuokoa jahazi.

Mwaka unaoandikwa kwenye lebo ni mwaka wa mavuno. Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, msimu ukiharibika mkulima husubiri miezi michache ajaribu tena. Bordeaux huvuna mara moja tu. Kila kinachotokea tangu mizabibu inapochipua mwezi Machi hadi vichala vinapokatwa Septemba au Oktoba huingia kwenye chupa na kubaki humo. Mwaka 2021 jalidi ya Aprili iliunguza machipukizi. Mwaka 2022 ulikuja na jua kali na ukame, punje zikawa ndogo, maganda mazito, na mvinyo ukawa na nguvu, kilevi kikifika asilimia 14 na zaidi. Huo ulipokewa kwa sifa kubwa na kuuzwa kwa bei kubwa. Mwaka 2024 ulikwenda njia nyingine kabisa.

Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2023 ziliendelea majira yote ya baridi na kuingia majira ya kuchipua. Ardhi ililowa kiasi kwamba katika baadhi ya mashamba matrekta hayakuweza kupita kati ya mistari ya mizabibu. Wakati wa maua, mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, hali ya hewa ilikuwa ya baridi na unyevu. Maua mengi yalipukutika bila kufanya tunda, na vichala vingine vilitoka na punje kubwa na ndogo zikiwa pamoja, hivyo haziivi kwa wakati mmoja. Julai na Agosti kulikuwa na nafuu, jua likatoka na ardhi ikakauka. Septemba mvua ikarudi, na kila mwenye shamba akakabiliwa na uamuzi mgumu: avune mapema zabibu ambazo hazijaiva sawasawa, au angoje na kuhatarisha kuzipoteza kwa kuoza.

Adui mkubwa wa msimu alikuwa ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani kisha vichala. Ugonjwa huo uliingia Ufaransa kutoka Amerika mwishoni mwa miaka ya 1870, na dawa yake ya kwanza iliyofaulu ilizaliwa Bordeaux kwenyewe. Mwanabotania Pierre-Marie-Alexis Millardet aliona kwamba mizabibu iliyo kando ya barabara huko Saint-Julien, iliyorashiwa mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa ili kuwafukuza wadokozi wa zabibu, ilibaki na majani mabichi wakati mingine ikinyauka. Mwaka 1885 alitangaza kanuni ya mchanganyiko huo, nao ukapewa jina la Bordeaux na kuenea duniani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na wa nyanda za juu za Kenya wanazijua vizuri dawa za jamii hiyo ya shaba.

Udhaifu wa shaba ni kwamba haiingii ndani ya mmea. Hukaa juu ya jani, na mvua ikinyesha huoshwa, ikabidi kurashia upya. Wakulima wa kilimo hai, wasioruhusiwa kutumia dawa za viwandani zinazopenya ndani ya jani, ndio walioumia zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inawaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta katika kipindi cha miaka saba, yaani wastani wa kilo nne kwa mwaka, na mwaka kama 2024 hula akiba hiyo haraka. Ilipofika wakati wa kuhesabu, eneo zima la Bordeaux lilikuwa limetoa takriban hektolita milioni 3.3 za mvinyo, kiasi kidogo kuliko vyote tangu 1991. Ubwiri na maua yaliyopukutika vilichangia, na pia mizabibu mingi ilikuwa imekwisha kung'olewa.

Kilichobaki kiliokolewa kwa kazi ya mikono na mashine. Mashamba yenye uwezo yalipeleka wavunaji mara kadhaa kwenye mstari uleule, yakachambua punje kwenye meza, kisha yakazipitisha kwenye mashine zenye kamera zinazotupa kila punje mbovu au mbichi. Baadhi ya wazalishaji waliongeza sukari kabla ya uchachushaji, jambo linaloruhusiwa kwa kipimo, ili kufidia jua lililokosekana. Maganda yaliloweshwa kwa tahadhari, kwa sababu ganda lisiloiva hutoa tanini kali inayokausha ulimi. Mapipa yaliyoshindwa kufikia kiwango yalishushwa kwenye mvinyo wa pili wa shamba, unaouzwa kwa jina jingine na kwa bei ya chini, au yakauzwa kwa jumla bila jina la shamba.

Matokeo yake ni mvinyo mwekundu mwepesi kuliko wa 2022, wenye ukali wa asidi ulio wazi, harufu ya matunda mabichi kuliko ya matunda yaliyokaushwa na jua, na kilevi cha chini. Ni mvinyo wa mtindo ambao Bordeaux iliuzalisha kwa kawaida kabla ya miaka ya joto kuzoeleka. Hautarajiwi kuzeeka kwa miongo mingi kama wa miaka mikubwa, lakini utanyweka mapema. Mvinyo mweupe mkavu ulifaidika na ubaridi na ni miongoni mwa mambo mazuri ya mwaka huo. Sauternes, kusini mwa eneo hilo, ambako ukungu wa asubuhi kutoka mto Ciron husaidia kuvu aina ya Botrytis kukausha zabibu na kukoleza sukari yake, nako kulipatikana mvinyo mtamu mzuri, ingawa kwa kiasi kidogo. Tofauti kubwa haikuwa kati ya wilaya na wilaya bali kati ya shamba na shamba: walioweza kulipia vibarua, dawa na mashine walipata mvinyo safi, na wasioweza walipata walichopewa na mvua.

Baada ya pipa huja soko, na soko la Bordeaux lina utaratibu wake. Kwa kawaida shamba haliuzi moja kwa moja kwa mnywaji. Madalali huunganisha mashamba na wafanyabiashara wa jumla wa Bordeaux, nao huusambaza mvinyo kwa waagizaji wa nchi mbalimbali. Zamani wafanyabiashara hao, waliokuwa na maghala kwenye gati la Chartrons, walinunua mvinyo kwa pipa na kuutia kwenye chupa wenyewe. Mwaka 1924 Philippe de Rothschild aliamua kwamba mvinyo wote wa Château Mouton Rothschild utatiwa kwenye chupa shambani, na taratibu jina la shamba likawa na nguvu kuliko la mfanyabiashara. Heshima ya majina hayo ilikuwa imeandikwa tangu 1855, pale madalali walipoorodhesha mashamba kwa madaraja kwa ajili ya maonyesho ya Paris chini ya Napoleon III. Orodha hiyo karibu haijabadilishwa hata kidogo. Badiliko kubwa ni la 1973, Mouton ilipopandishwa kuungana na Lafite Rothschild, Latour, Margaux na Haut-Brion katika daraja la kwanza.

Kuuza mvinyo ukiwa kwenye pipa kulishamiri baada ya mavuno ya 1982. Mmarekani Robert Parker, aliyeanzisha jarida la The Wine Advocate mwaka 1978 na kutoa alama hadi 100, aliusifu mwaka huo kwa nguvu, na walionunua mapema walipata faida kubwa. Kuanzia hapo mnunuzi aliamini kwamba bei ya kwanza ndiyo ya chini kuliko zote zitakazofuata. Imani hiyo ilifika kileleni kwa mavuno ya 2009 na 2010, wakati fedha za China zilipoingia kupitia Hong Kong, iliyofuta ushuru wa mvinyo mwaka 2008. Bei zilipaa, kisha zikaanguka, na wengi wakabaki na chupa walizozinunua ghali. Château Latour ilijitoa kwenye utaratibu huo mwaka 2012 na kuanza kuuza mvinyo wake ukiwa umekomaa.

Mvinyo wa 2024 uliingia sokoni katika wakati mbaya. China ilikuwa imepunguza ununuzi kwa miaka kadhaa. Riba za benki zilikuwa zimepanda, na kila sanduku lililolala ghalani lilimgharimu mfanyabiashara. Machi 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitishia ushuru wa asilimia 200 kwa mvinyo wa Ulaya. Tishio hilo halikutekelezwa kwa kiwango hicho, lakini liliwafanya waagizaji wasite. Juu ya yote, mvinyo wa miaka ya nyuma, ulio tayari kunyweka, ulipatikana madukani kwa bei iliyokaribia ya mvinyo ambao bado uko kwenye pipa. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na safari hii hata majina makubwa yalilazimika kujitembeza. Lafite Rothschild ilipunguza bei yake ya kwanza kwa zaidi ya robo ikilinganishwa na 2023, na bei ya 2023 yenyewe ilikuwa imekatwa kwa karibu theluthi kutoka ile ya 2022. Hata hivyo mauzo kwa jumla yalibaki ya kusuasua.

Majina hayo ni sehemu ndogo ya Bordeaux. Orodha ya 1855 ina mashamba 61 ya mvinyo mwekundu, ilhali wakulima wa eneo hilo ni maelfu. Wengi wao huuza kwa jumla, kwa kipimo cha lita 900 ambacho hutoa chupa 1,200, na bei ya kipimo hicho imekuwa ikishuka chini ya yuro 1,000. Hiyo ni chini ya yuro moja kwa chupa, kabla ya gharama za chupa, kizibo na usafiri. Nyumbani nako soko limepungua: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mfaransa mmoja alikunywa kwa wastani zaidi ya lita 100 za mvinyo kwa mwaka, na leo hafikishi nusu ya hapo. Ndiyo maana mwaka 2023 ulitangazwa mpango wa kung'oa hadi hekta 9,500 za mizabibu kwa fidia ya yuro 6,000 kwa hekta, na mwaka 2024 ukafuata mpango wa taifa zima wa yuro 4,000 kwa hekta. Kwa mkulima wa aina hii, mvua ya 2024 haikupunguza ubora wa mvinyo tu. Ilimwongezea gharama ya dawa huku ikimpunguzia mapipa ya kuuza.

Hali ya hewa nayo inalazimisha sheria zilegezwe. Mwaka 2021 mamlaka za Ufaransa ziliruhusu aina sita mpya za zabibu Bordeaux, zikiwamo Touriga Nacional ya Ureno na Marselan, kwa sharti kwamba zisizidi asilimia 5 ya shamba na asilimia 10 ya mchanganyiko. Agosti 2025 Château Lafleur ya Pomerol ilitangaza kuacha kutumia jina la eneo hilo kwenye lebo zake, ikieleza kwamba kanuni hazibadiliki kwa kasi ya tabianchi.

Mvinyo wa 2024 haukuwa mbovu, lakini haukuwa wa kununuliwa kwa kutazama mwaka peke yake. Jina la shamba na kazi iliyofanywa humo vina uzito kuliko tarakimu zilizo kwenye lebo. Na kuhusu utaratibu wa kuuza mvinyo kwenye pipa, hukumu ni nyepesi: anayelipa miaka miwili kabla ya kupokea mali anastahili bei ya chini kuliko atakayeikuta dukani. Bordeaux ikirudi kumnyima mnunuzi haki hiyo, hana sababu ya kusubiri.