Safari ya Familia Nayo ni Darasa

Mtihani wa Kidato cha Nne unapokaribia, mjadala mmoja huzuka katika nyumba nyingi: mtoto aende safari na familia, au abaki na madaftari yake? Wapo wanaosema safari ni anasa na upotevu wa muda. Wapo wanaosema "tembea uone" ndiyo elimu yenyewe, na ya shuleni ni karatasi tu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea. Safari ya familia ina elimu ambayo kuta nne za darasa haziwezi kuitoa, lakini huipata yule tu ambaye darasa limekwisha kumwandaa.

Kwanza, ondoa dhana kwamba safari yenye elimu ni ile ya kwenda mbugani kwa gari la kukodi. Kwa mwanafunzi wa Tangini, Kibaha, safari ya familia ni daladala hadi Mlandizi kwenye harusi, basi hadi Bagamoyo msibani, au siku chache kwa bibi Maneromango wakati wa kuokota korosho. Safari hizo unazo. Swali ni kama unazitumia.

Chukua mfano wa Mto Ruvu. Darasani umekariri hatua za mto na sababu za mmomonyoko wa udongo. Ukipita darajani Ruvu katika barabara ya Morogoro wakati wa mvua, tazama rangi ya maji, kisha jiulize udongo huo umetoka wapi. Mto huu huanzia katika Milima ya Uluguru na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi, karibu na Bagamoyo. Anayelima mteremkoni bila matuta kule juu, udongo wake hupita chini ya daraja hilo. Maji hayohayo husafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, kisha yakanywewa Kibaha na Dar es Salaam. Mmomonyoko, utunzaji wa vyanzo vya maji na ukuaji wa miji: mada tatu umezikuta kwenye daraja moja.

Au chukua reli. Soga na Ruvu zinapitiwa na reli mbili. Ya zamani, yenye upana wa mita 1, Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma 1914. Mpya, yenye upana wa milimita 1,435, ilianza kubeba abiria mwaka 2024. Zote mbili zinaanzia kwenye mji wa bandari. Je, zinafanya kazi ileile? Ile ya kwanza ilijengwa ili nani anufaike, na hii ya pili? Ukiweza kubishana na mjomba wako kuhusu jambo hilo ndani ya behewa, umekwisha kuuelewa uchumi wa kikoloni kuliko aliyekariri hoja sita.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya lugha. Masomo mengi ya sekondari mnayasoma kwa Kiingereza. Matokeo yake, wengi hujua neno bila kukijua kitu. Mwanafunzi anaweza kuandika aya nzima kuhusu msitu wa mikoko, kumbe hajui kwamba ndiyo miti ileile aliyoiona ufukweni karibu na magofu ya Kaole. Safarini, babu anakueleza kwa Kiswahili jinsi ardhi inavyochoka ikilimwa mihogo mfululizo, na ghafla ukurasa wa kitabu unapata maana.

Hata hivyo, usije ukakitupa kitabu. Dereva wa basi hupita daraja la Ruvu kila siku, naye anajua mengi usiyoyajua wewe. Lakini kupita si kujifunza sababu za mafuriko. Macho huona kile ambacho akili imefundishwa kukitafuta. Tena yapo mambo yasiyoonekana dirishani: mlinganyo wa kikemia na hesabu za logi hutaka kiti, meza na mwalimu. Anayetoroka vipindi kwa kisingizio cha safari akumbuke kwamba mtembezi hula miguu yake.

Jambo kubwa zaidi ni usawa. Si kila familia inaweza kumudu nauli. Mtoto ambaye hajawahi kuvuka Kisarawe na yule aliyekwisha kufika Zanzibar na Mombasa hukaa dawati moja, husikiliza somo moja, na hufanya mtihani mmoja. Safari ni bahati. Darasa ni haki. Nchi inayotegemea safari za wazazi kuelimisha watoto itawaelimisha wachache. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema safari inaweza kuchukua nafasi ya shule.

Basi fanya hivi. Safiri wakati wa likizo, si siku za vipindi. Kabla ya kuondoka, andika maswali matatu kutoka mada ulizosoma. Njiani, waulize wakubwa. Wengi hufurahi kuulizwa. Jioni, andika mistari kumi: umeona nini, wapi, na kinahusiana na mada gani. Kama hamna safari yoyote mwaka huu, nenda kwa miguu hadi kwenye korongo au shamba lililo karibu na nyumbani, ukafanye vivyo hivyo.

Nanyi wazazi, siku nne kwa bibi katika likizo ya katikati ya mwaka hazimfelishi mtoto aliyesoma. Novemba, swali litakapomtaka atoe mifano, wengi wataandika ileile waliyoikariri pamoja. Yeye ataandika alichokiona, na ataweza kukieleza.