Dodoso la uzamivu jikoni kwa mama

MARA tatu katika safu hii nimeandika kuhusu moshi wa jikoni, na mara zote nilimalizia na ushauri uleule: achana na mkaa, hamia kwenye gesi. Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani kwa mama, Mbagala, nikaona aibu kidogo.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuja na madodoso yake. Anasoma shahada ya uzamivu Morogoro, mwaka wa tatu sasa, kuhusu uhifadhi wa bioanuwai na matumizi ya ardhi. Sisi nyumbani huwa tunasema tu kwamba dada anasomea miti. Kumbe siku ile hakuuliza habari ya mti hata mmoja. Alimuuliza mama mkaa ananunua wapi, kwa siku au kwa mwezi, pesa ya matumizi inaingia lini, nani anaamua kipikwe nini, na mtungi wa gesi uko wapi.

Mtungi upo, nilimnunulia mwenyewe. Umekaa pembeni ya kabati, umefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Gesi ikiisha natakiwa elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, mwanangu," mama alimjibu. "Kwenye vitumbua hiyo naipata wapi kwa siku moja? Mkaa nanunua kopo. Kopo moja, maharage yameiva."

Mimi mtoto wake, ninayelipwa mshahara kwa kuuliza watu maswali ya afya, sikuwahi kumuuliza hilo. Na mama anakohoa.

Naijua vizuri hesabu ya moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Nisichokuwa nakijua ni upande wa pili wa gunia, kule linakotoka.

Dada akanieleza utafiti mmoja unaotuhusu sisi wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010 ukiongozwa na Antje Ahrends. Watafiti walilinganisha hali ya misitu ya mwaka 1991 na ya 2005, kuanzia kilomita 10 hadi 220 kutoka jijini. Wakaona uvunaji unasambaa kama mawimbi. Wimbi la mbele ni la mbao za thamani, lilikuwa likisogea kilomita 9 kila mwaka. Nyuma yake linakuja la mkaa, kilomita 2 kwa mwaka. Kadiri unavyoukaribia mji, ndivyo msitu ulivyochoka na aina za miti zilivyopungua. Katika miaka hiyohiyo, kati ya 2001 na 2007, kaya za Dar zinazotumia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, kwa takwimu za Benki ya Dunia.

Kwa hiyo kopo la mama lina mkono wake kwenye msitu. Pugu na Kazimzumbwi, kwenye vilima unakoanzia Mto Msimbazi, na msitu wa Pande, ng'ambo ya Mbezi, anaishi komba mdogo ambaye uzito wake haufiki hata gramu 100. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani na komba walio hatarini zaidi duniani. Nimekulia Dar, sikuwahi kusikia habari zake.

Basi hapo ndipo uzamivu wa dada unapokuwa mgumu. Anasimamiwa na watu watatu: mtaalamu wa misitu, mchumi, na wa afya ya jamii. Wa misitu anataka vipimo zaidi vya miti. Mchumi anasema kaya ni chache. Wa afya anauliza mbona kikohozi hakimo. Kila sura inarudishwa na wino mwekundu wa aina tatu. Mwanawe wa miaka minane analelewa na mama yangu tangu alipoondoka, na kila sikukuu ndugu wanamuuliza atamaliza lini. (Mimi pia nimeuliza. Nimeacha.)

Lakini ukimwuliza kwa nini asingechagua fani moja apumzike, anakutajia Kilosa. Kule, kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa vilianza kupanga ardhi yao wenyewe: eneo la shamba, la msitu wa kuhifadhi, na la mkaa, ambalo huvunwa kwa zamu kipande kwa kipande ili kila kipande kipumzike miaka 24. Ushuru unabaki kijijini. Mpango kama ule, anasema, hautoki kwa anayejua miti peke yake, wala kwa anayejua pesa peke yake. Mimi naongeza: wala kwa mwandishi anayejua mapafu peke yake.

Serikali nayo ina mkakati, uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ningependa sana walioandika wakae nusu saa na mama. Pengine wangeanza na gesi ya kununua kidogokidogo, kama tunavyonunua umeme.

Dodoso lilipofika ukurasa wa mwisho, dada aliuliza kama mama ana swali lolote.

"Ninalo. Walikuja wengine kabla yako, wakajaza makaratasi, wakaondoka. Hatukuwaona tena. Wewe utarudi kutuambia mlichokiona?"

Dada alisema atarudi. Mama akamtazama kidogo.

"Basi uje jioni. Asubuhi nachoma vitumbua."