Kejeli Yenye Kibali: Deadpool, Diski Zake na Uasi Usiomkera Mwenye Mali

Miongoni mwa madai yaliyokubalika upesi mno katika uhakiki wa sanaa pendwa ni lile la kwamba filamu ya Deadpool, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2016 chini ya uelekezi wa Tim Miller, ni kazi ya uasi. Hoja yenyewe huwa fupi. Mhusika mkuu, Wade Wilson, anatukana, anaua huku akifanya mzaha, anageuka katikati ya tukio na kuzungumza na mtazamaji, na anaisimanga studio iliyomleta ulimwenguni. Kwa hivyo, yasemwa, filamu hii inavunja kaida za utanzu wa mashujaa wenye nguvu za ajabu na kumvua nguo mwenye mali hadharani. Bakhtin huitwa kutoa ushahidi, Brecht hutajwa kwa jina, na kazi ya uhakiki huhesabiwa kuwa imekwisha.

Makala haya yanashikilia kinyume. Kejeli ya Deadpool ni kejeli yenye kibali, na aliyekitoa kibali hicho ndiye huyo huyo anayedhaniwa kukejeliwa. Uthibitisho wake haumo sana katika ukumbi wa sinema, ambamo kicheko humfunika mtu akili kwa muda wa saa mbili. Umo katika diski zilizouzwa baadaye ili filamu itazamwe nyumbani. Gérard Genette alikwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1987, kwamba jalada, dibaji na tanbihi ni vizingiti ambavyo msomaji huvuka kuingia katika matini, na kwamba kizingiti nacho kina usemi wake. Diski ya filamu ni kizingiti cha namna hiyo. Ajabu ni kuwa wahakiki wanaojua kusoma jalada la riwaya huiona diski kuwa chombo kitupu cha kubebea picha.

Ni haki kwanza kukiri lililo kweli katika dai linalopingwa. Deadpool alizaliwa mwaka 1991 katika toleo la 98 la jarida la vibonzo la New Mutants, kwa mikono ya Rob Liefeld na Fabian Nicieza. Alipoletwa katika filamu mwaka 2009, katika X-Men Origins: Wolverine, mhusika ambaye uhai wake wote umo ulimini alishonwa mdomo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa studio isiyoelewa kile inachokimiliki. Sehemu fupi ya majaribio ilivuja mwaka 2014, mashabiki wakashangilia, na studio ya Fox ikakubali filamu itengenezwe kwa bajeti ya takriban dola milioni 58, kiasi kidogo kwa utanzu huu. Filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 780 duniani. Palikuwa, basi, na ugomvi wa kweli baina ya wasanii na wenye fedha. Kosa la uhakiki ni kudhani kwamba ugomvi uliotangulia kutengenezwa kwa kazi unaendelea kuishi ndani ya kazi.

Tazama orodha ya majina inayofungua filamu. Badala ya majina ya waigizaji na watayarishi zimewekwa sifa: kuna mhalifu Mwingereza, kuna msichana mrembo, kuna kijana mwenye kununa, kuna mwelekezi anayelipwa kupita kiasi, watayarishi wanapewa tusi, na waandishi wanaitwa mashujaa wa kweli. Kichekesho hiki kimeundwa kwa ustadi, na anayekana kwamba kinachekesha anajisumbua. Lakini kinafichua nini? Kwamba filamu za aina hii zina mhalifu Mwingereza na msichana mrembo, jambo ambalo kila mtazamaji alilijua kabla ya kununua tiketi. Kisha filamu inaendelea, na ndani yake mna mhalifu Mwingereza, na mna msichana mrembo anayetekwa nyara ili aokolewe. Kaida imetajwa kwa jina, ikachekwa, na ikatekelezwa hadi nukta ya mwisho. Hata mzaha maarufu wa Wade kuhusu jumba kubwa la X-Men lenye watu wawili tu, kana kwamba studio ilishindwa kuwalipa wengine, unageuza ubahili wa studio kuwa kitu cha kuuzwa na studio. Bwana aliyemnyima mchezaji ngoma sasa anauza wimbo wa kulalamikia ngoma.

Diski ya filamu ya kwanza ilitoka Mei 2016. Pamoja na matukio yaliyokatwa na makosa ya waigizaji, ina nyimbo mbili za sauti ya maelezo: katika wa kwanza anazungumza Ryan Reynolds, mwigizaji mkuu, pamoja na waandishi Rhett Reese na Paul Wernick, katika wa pili anazungumza Miller pamoja na Liefeld. Hapa ndipo hoja ya kuvunjwa kwa ukuta wa nne inapostahili kupimwa upya. Mhusika anayemsemesha mtazamaji hudaiwa kumwamsha, kumkumbusha kuwa anachokiona ni usanii. Haya ni ya Brecht, na kwa Brecht yalikuwa na shabaha: mtazamaji aamke ili ahukumu. Mtazamaji wa diski akishaamshwa na Wade anakuta nini? Anakuta sauti nyingine, ya mwigizaji yule yule, ikimweleza jinsi ya kuupokea mzaha alioutoa. Ukuta ukivunjwa, nyuma yake pana ukuta mwingine uliopigwa chapa ya kampuni ile ile. Wade mwenyewe, kwa werevu wake, hutania juu ya kuvunja ukuta ndani ya ukuta na kuhesabu kuta kumi na sita. Hesabu yake ni sahihi kuliko ya wanaomsifu.

Mtu aliyelelewa katika fasihi simulizi ana sababu ya ziada ya kutoshangazwa na ukuta huu. Fanani anayesema paukwa hatangulii kujenga ukuta ili apate sifa ya kuuvunja. Anangoja jibu, na asipopata pakawa hadithi haianzi. Uzito wa desturi hiyo uko katika haki ya hadhira kujibu, kudakia, kukosoa, hata kuondoka. Fanani kugeuza uso na kuitazama hadhira ni jambo dogo. Bakhtin, ambaye jina lake hutumiwa ovyo katika mjadala huu, alisema jambo linalokaribiana na hili aliposisitiza kwamba kanivali haina jukwaa linalowatenga wachezaji na watazamaji, na kwamba kicheko chake humrudia hata anayecheka. Diski haina nafasi ya kujibu. Wade anasema, mtazamaji anapokea. Kuliita hili kanivali ni kulipora neno.

Filamu ya pili, iliyoelekezwa na David Leitch na kuonyeshwa Mei 2018, ilifika katika diski mwezi Agosti mwaka huo. Iliambatana na toleo refu zaidi kwa takriban dakika 15, ambalo jina lake rasmi lina tusi lililofichwa kwa alama za uandishi. Tusi lisilosomeka, lililochapwa juu ya bidhaa ya dukani, ni muhtasari mzuri wa mradi mzima. Katika toleo hilo mna tukio ambalo halikuonyeshwa katika kumbi: Wade anarudi nyuma katika wakati hadi kwenye kitanda cha Hitler mchanga na kusitasita mbele ya mtoto. Mtetezi wa filamu atasema kwamba hapa diski ndiyo iliyo huru zaidi, kwa kuwa inarudisha kile ukumbi ulichokihofia. Hoja hiyo ina nguvu kidogo, ila inasahau kuuliza kwa nini kilichokatwa hakikutupwa. Kiliwekwa akiba. Mkasi wa mwezi Mei ulikuwa tayari unatayarisha bidhaa ya mwezi Agosti. Wakati huo huo maduka ya Walmart nchini Marekani yaliuza filamu nyingine za Fox, zikiwamo Fight Club na Predator, zikiwa na majalada mapya ambamo Deadpool amejipenyeza mahali pa wahusika wa asili. Yule anayesifiwa kwa kuivamia hazina ya studio alikuwa ametumwa kuipangusa vumbi ipate wanunuzi.

Ushahidi mzito kuliko wote, hata hivyo, ulitolewa na studio yenyewe mwezi Desemba 2018, ilipopeleka katika kumbi Once Upon a Deadpool. Hii ni filamu ya pili ile ile, ikiwa imeondolewa matusi na damu ili iweze kutazamwa na vijana wa miaka 13. Dola moja ya kila tiketi ilikwenda kwa shirika la kupambana na saratani ambalo hata jina lake lililainishwa kwa muda ili lisichafue tangazo. Jambo la kuzingatiwa na mhakiki ni hili: kisu kilipopita, hakuna kilichoanguka. Msuko ulibaki. Wahusika walibaki. Msimamo wa filamu kuhusu familia, kifo na mapenzi ulibaki pale pale, nao ni msimamo wa kawaida kabisa. Tamathali iliyo kiungo cha kazi haiondolewi bila kazi kuvuja damu. Ujaribu mtu kumwondolea Mohamed Suleiman kinaya chake katika Kiu aone atabakiwa na nini. Kinachong'olewa bila jeraha kilikuwa pambo. Na pambo hilo liling'olewa kwa faida: filamu ya kwanza haikuruhusiwa kuonyeshwa China mwaka 2016, ilhali toleo hili lililooshwa lilifunguliwa huko Januari 2019. Uasi uliokuwa, kwa mujibu wa wahakiki, ndio roho ya kazi, uliachwa forodhani bila malumbano.

Toleo hilo lina tukio moja la kuunganishia ambalo lastahili kusomwa kwa utulivu zaidi kuliko filamu yenyewe. Fred Savage, ambaye akiwa mtoto katika The Princess Bride ya mwaka 1987 alilala kitandani akisomewa hadithi na babu yake na kumkatiza kila mara, anaonekana tena kitandani akiwa mtu mzima. Safari hii ametekwa nyara na kufungwa, na Deadpool ndiye anayemsomea. Savage analalamika. Anaikosoa hadithi, anaukosoa uvivu wa waandishi, na baadhi ya hoja zake zina mashiko. Katika mfululizo huu wa kejeli, hadhira imepewa kinywa mara hii moja kwa urefu, na inapewa ikiwa imefungwa kwenye kitanda, ikisoma maneno iliyoandikiwa. Hata ukosoaji wa filamu umeandikwa na filamu. Yule mtoto wa mwaka 1987 alikuwa na uhuru mkubwa zaidi: babu alinyamaza alipokatizwa.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba haya ni makali yasiyohitajika kwa kazi ya kuchekesha. Kazi ya kuchekesha haina hatia. Inayoshtakiwa hapa ni lugha ya uhakiki. Maneno kama uasi, ukaidi na ukiukaji yalipata thamani yake kwa sababu wapo waliolipa kwa kuyatenda. Abunuwasi wa ngano hupendeza kwa vile Sultani anatafuta kwa dhati namna ya kumkata kichwa. Deadpool, Sultani wake alipobadilika, Fox iliponunuliwa na Disney Machi 2019, alihamishwa pamoja na samani. Mwaka 2024, katika Deadpool & Wolverine, aliwatania mabwana wote wawili, wa zamani na wapya, filamu ikavuka dola bilioni 1.3, na ilipofikia orodha ya majina ya mwisho ikaweka picha za kumbukumbu za filamu za Fox zilizopita, kwa majonzi, mithili ya matanga. Mkejeli amegeuka mwombolezaji wa kampuni. Wahakiki wa uasi hawajaeleza machozi haya yanaingiaje katika nadharia yao.

Upo usimulizi mwingine ambao filamu kutoka ng'ambo zimekutana nao katika Afrika Mashariki, na ambao uhakiki wa Kiswahili umeupita mbio. Katika mabanda ya video, na katika kanda na diski zilizouzwa mitaani, sauti ya asili hupunguzwa na msimulizi huingia juu yake. Lufufu alijulikana kwa kazi hiyo Tanzania. DJ Afro amejipatia jina kwayo Kenya, kwa Kiswahili na Sheng. Msimulizi hatafsiri tu. Humpa mhalifu jina la mtaani, humcheka shujaa pale ambapo filamu inataka aheshimiwe, huingiza bei ya unga katikati ya risasi, huwasalimu walioketi mbele yake. Hadhira nayo hujibu. Ndiyo iliyotunga kanuni kwamba staring hafi, kanuni ambayo Hollywood ilihitaji mhusika asiyeweza kufa kimwili ili iikiri waziwazi. Msimulizi huyu hakupewa wimbo wa sauti katika diski, alijitwalia. Mbele ya sheria ya hakimiliki kazi yake ni wizi, na hakuna studio itakayoitia katika jalada lenye tusi la alama.

Hapo pana sauti ya maelezo isiyo na kibali, juu ya mali ya mtu mwingine, mbele ya watu wasiofungwa kamba. Idara za fasihi ambazo huweka filamu ya Miller katika mtaala kama kielelezo cha matini inayojikaidi hazina, aghalabu, kanda hata moja ya Lufufu, wala hazijamtuma mwanafunzi wa uzamili akae bandani na kinasa sauti. Kanda hizo zilirekodiwa juu ya kanda nyingine, zikachakaa kwa kukodishwa, na nyingi zimekwisha kutupwa.