ASKARI ALIYERUDI APEWE KAZI, SI NISHANI TU



Leo tunataka kusema juu ya watu walio kati yetu, lakini hatuwaoni. Ni wale waliovaa kaki, wakashika bunduki, kisha wakairudisha na kuwa raia kama sisi. Siku ya sikukuu wanasimamishwa mstari wa mbele na tunawapigia makofi. Kesho yake hakuna anayeuliza: mzee huyu anakula nini? Anajua kazi gani? Basi tunasema wazi tangu mwanzo: heshima ya askari aliyerudi ni kazi, na nafasi yake kati ya watu. Nishani haipikwi chunguni. Tena inchi inayomnyima askari kazi, mwisho wake inalipa mara mbili.

Tazameni habari ya Koplo Albert Kunyuku. Huyu alikwenda mpaka Burma pamoja na hospitali ya vita ya Kongo, iliyotibu majeruhi katika miaka ya 1944 na 1945. Tarehe 8 Juni 2022, mfalme wa Ubelgiji alimvika nishani mbele ya watu huko Kinshasa. Mzee alikuwa na miaka 100. Tulifurahi naye, kwani ilikuwa haki yake. Lakini hesabuni wenyewe: tangu vita ile ilipokwisha mpaka siku ile ilipita miaka 77. Wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Nishani ya namna hiyo inamkuta mtu kaburini.

Na wazee wale hawakurudi mikono mitupu. Wengi wanafikiri askari wa Force Publique alijua kupiga risasi tu. Sivyo. Waliotwaa Tabora mwaka 1916, na waliotembea mpaka Saio katika Uhabeshi, ambapo Generali Gazzera wa Waitaliani alijitoa mikononi mwao tarehe 3 Julai 1941, hawangefika huko kwa bunduki peke yake. Jeshi linataka shofere, fundi wa motokari, mwashi, seremala, mpishi, karani, mtu wa simu, mganga wa kufunga vidonda. Mtu aliandikwa kwa miaka saba. Katika miaka saba mkono unajifunza. Kazi hizo zote ndizo mji unazozitaka.

Tunao mfano, wala hauko mbali: uko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Bwana Victor Lundula alitumika katika Force Publique wakati wa vita ya pili ya dunia. Ofisa hakuwa, sababu Wabelgiji hawakumpa Mkongo cheo cha ofisa. Alivua nguo za jeshi, akaishi na raia, na kabla ya uhuru alikuwa burgumestre katika mji ule wa wafanya kazi. Fikirini kazi ya burgumestre: maji, njia, soko, magomvi ya nyumba na nyumba. Hapo huwezi kumwamuru mtu asimame wima, lazima usikilize. Tarehe 8 Julai 1960 jeshi lilikuwa limeasi na inchi inatetemeka. Serikali ilimtafuta mtu wa kuliongoza, ikamchukua burgumestre huyu, ikamfanya generali. Alikuwa ameijua kambi, na alikuwa ameujua mji.

Sasa tuangalie upande wa pili, na watu wa Kolwezi watatushuhudia. Kujitenga kwa Katanga kulipokwisha Januari 1963, majandarme walibaki maelfu. Walioingizwa katika jeshi la taifa walikuwa elfu mbili au tatu tu. Maelfu walirudi uraiani. Lakini maelfu wengine hawakuingia popote: walizunguka bila kazi, walikimbilia porini, walivuka mpaka wa Angola. Mwaka 1964 wengi wao waliitwa tena kushika bunduki, na mwaka 1967, baada ya maasi, walikimbia tena Angola. Mwaka 1977 walirudi na vita. Mwaka 1978, tarehe 13 Mei, waliingia Kolwezi. Mamia ya watu walikufa, weusi na weupe, na kazi ya machimbo ikasimama. Hatusemi kwamba kukosa kazi peke yake kulileta vita ile. Palikuwa siasa ndani yake, palikuwa na mikono ya wageni. Lakini mtu mwenye karakana yake, mwenye shamba lake, mwenye watoto shuleni, ni vigumu kumwita arudi porini. Asiye na kitu anaitika mara ya kwanza. Gharama ya kuwapa kazi mwaka 1963 ingekuwa ndogo kuliko ile iliyolipwa na Kolwezi miaka kumi na mitano baadaye.

Je, tulijifunza? Tangu mwaka 2004, baada ya vita kubwa, wapiganaji zaidi ya laki moja walirudishwa uraiani. Kila mmoja alipewa dola 110 siku ya kutoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Hesabu yake yote ni dola 410. Wako waliofanya vizuri kwa juhudi yao: walinunua baiskeli ya kubeba watu, walifungua duka dogo, walilima. Lakini wako wengi waliokula feza ile ikaisha, ufundi hawana, wakaenda kuchimba kwa mikono mashimoni, au wakarudi kwa makundi yenye silaha. Mwaka 2021 serikali iliunda programu nyingine, na shabaha yake ni kuwarudisha watu katika jamii zao. Neno ni zuri. Lakini jamii ni sisi. Kama sisi tunafunga mlango, programu itamrudisha mtu wapi?

Tunajua neno linalosemwa katika mabaraza. Watu wanasema: askari ni askari, ukimpa nafasi, kesho atakutawala kwa fimbo. Wandugu, woga huu hatuucheki. Watu wa machimbo wana sababu yake. Mwaka ule ule wa Saio, tarehe 9 Desemba 1941, wafanya kazi wa Union Minière walikusanyika kiwanjani Elisabethville kudai mshahara. Askari wa Force Publique waliwapiga risasi, na makumi walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi aliyewasemea. Wajukuu wao wako Lubumbashi mpaka leo.

Tena mtatutajia Mobutu. Naye alikuwa askari aliyetoka jeshini, mwaka 1956, akawa mwandishi wa gazeti Léopoldville. Ni kweli. Lakini angalieni vizuri. Hakutwaa inchi kutoka mezani pa gazeti. Mwaka 1960 alirudi jeshini, na ni kutoka huko alipotwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965, akaushika mpaka 1997. Kwa hiyo hatari haitoki kwa askari aliyekuwa raia kweli, anayekula jasho lake na kuombwa hesabu na jirani zake. Hatari inatoka kwa bunduki isiyojibu kwa mtu yeyote.

Basi tunadai nini?

Kwanza, kila komine iandike majina ya askari waliorudi pamoja na ufundi wao: huyu shofere, huyu mganga, huyu mwashi. Daraja likivunjika, komine ijue ni nani wa kumwita.

Pili, wakubwa wa makampuni wasifikiri askari wa zamani anafaa kulinda mlango usiku tu. Aliyetengeneza malori ya jeshi anaweza kutengeneza malori ya mgodi. Apimwe kwa kazi, na akifaulu apewe mshahara wa fundi.

Tatu, ufundi utangulie feza. Feza inakwisha mwezi mmoja. Ufundi unamlisha mtu mpaka uzee. Na wajane na wake wa askari wasisahauliwe. Walihamishwa kambi kwa kambi, nao wajifunze kazi pamoja na waume.

Nanyi wazee wetu wa jeshi, mtusikie bila hasira. Amri ziacheni kwenye mlango wa kambi. Mtu asimtishe jirani kwa cheo alichokuwa nacho zamani. Mlichojifunza tupeni sisi. Kule mashimoni, udongo unapoanguka juu ya vijana, mara nyingi hakuna hata mmoja anayejua kufunga kidonda au kumbeba aliyevunjika mgongo. Ninyi mnajua. Kusanyeni vijana wa mtaa, wafundisheni. Siku mtakapomtoa mtoto wa watu shimoni akiwa mzima, mama yake hatauliza mlipigana upande gani.

Wandugu, mtu aliyejitoa kufa kwa amri ya wengine anastahili kuishi kwa kazi ya mikono yake. Asiombe, wala asitishe. Tumfungulie mlango, naye aingie kama mwenyeji.