Pasta, Ni Mungu Alisema Ama Ni Wewe?



Leo nataka kuanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nimeona wengi wenu mkituma ujumbe mkiniuliza, "Pasta, kuna nabii amenipa neno, nifanye nini?" Siwezi kuwajibu kana kwamba mimi niko juu ya mlima na ninyi mko bondeni.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mkesha wa kufunga mwaka, kanisa lilikuwa limejaa na sifa zimepanda. Nilimwita kijana mmoja mbele. Nilijua ameomba kazi nchi za Ghuba. Nikamwekea mikono, nikasema kwa sauti kubwa: "Bwana ananiambia kabla ya mwezi wa tatu utakuwa umepanda ndege!" Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Kijana aliamini. Aliacha kazi yake kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mama yake akauza ng'ombe wawili wapate pesa za ajenti. Mwezi wa tatu ukafika, ukapita. Mwezi wa nne pia. Ajenti akazima simu.

Siku moja kijana akaja ofisini kwangu. Hakupiga kelele. Aliketi, akaniangalia, akaniuliza: "Pasta, ile siku ni Mungu alisema, ama ni wewe?"

Mpendwa, nilitaka kumwambia imani yake ilikuwa ndogo. Nilitaka kumwambia adui amechelewesha majibu. Hayo ndiyo majibu tunayoyajua sisi wahubiri. Lakini Roho Mtakatifu alinibana. Nikamwambia ukweli: "Ni mimi. Nilikupenda, nilitaka upate, na sauti ya hamu yangu nikaiita sauti ya Mungu."

Jumapili iliyofuata niliomba msamaha mbele ya kanisa. Washirika wakachanga, tukamrudishia mama ng'ombe mmoja. Yule wa pili nilimlipa mwenyewe, kidogo kidogo.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja, na leo nauweka hapa wazi. Mkristo anapaswa kuwa na kitu anachoweza kumpimia pasta wake, nabii wake, na hata ndoto zake mwenyewe. Kitu hicho ni Biblia. Usipoijua Biblia, huna kipimo, na yeyote mwenye sauti nzito na maikrofoni atakupeleka anakotaka.

MSTARI TUNAOUPENDA BILA KUUSOMA

Tuchukue mstari ambao uko kwenye status za simu nyingi, kwenye kalenda na kwenye vioo vya matatu: Yeremia 29:11. Ule wa Mungu kuwawazia watu wake mema na kuwapa tumaini. Tunautumia kwa visa, kwa harusi, kwa mitihani. Ni neno la kweli kabisa.

Lakini je, umewahi kusoma sura nzima?

Ile ni barua. Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli. Rudi nyuma mstari mmoja tu, 29:10, utaona Mungu anawaambia watakaa huko miaka 70. Miaka 70, mpendwa! Rudi nyuma zaidi, mstari wa 5, anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani na wale mazao yake. Maana yake, safari ni ndefu, tulieni mfanye kazi. Halafu mistari ya 8 na 9 inawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao, kwa kuwa Mungu hakuwatuma.

Umeona? Ahadi tunayoipenda kuliko zote imekaa ndani ya barua inayotuonya kuhusu manabii wa uongo.

Sasa soma sura ya 28. Kulikuwa na nabii aitwaye Hanania. Alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatabiri kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wangerudi. Miaka miwili! Nani asingesema amina? Yeremia mwenyewe alisema angependa iwe hivyo. Ingekuwa leo, Hanania angekuwa na uwanja mzima wa watu, na Yeremia wa miaka 70 angebaki na washirika wachache kwenye kanisa la mabati.

Lakini Hanania hakuwa ametumwa. Alikufa mwaka uleule. Na watu wa Babeli waliomsikiliza Yeremia, wakajenga na kupanda, walikuwa na nyumba na chakula wakati wenzao bado wanangojea miaka miwili ya Hanania.

Neno la Mungu wakati mwingine ni lile tusilotaka kusikia. Ndiyo maana mimi naliamini. Kitabu kilichotungwa na watu ili kuwafurahisha watu kisingekuwa na Yeremia ndani yake.

"LAKINI BIBLIA SI ILIBADILISHWA?"

Najua vijana wetu vyuoni wanaambiwa hivi kila siku. "Biblia ni kitabu cha wazungu." "Imebadilishwa mara nyingi." Usimkemee kijana akiuliza. Mjibu.

Mwambie kwanza, Biblia haikuandikiwa Ulaya. Asome Matendo sura ya 8. Mwafrika, Mwethiopia, afisa mkuu wa hazina ya malkia, yuko ndani ya gari lake kwenye barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Hilo linatokea kabla Paulo hajavuka kwenda Makedonia katika sura ya 16. Mtu wa bara letu alishika Maandiko mkononi mapema sana.

Pili, kitabu hichohicho cha Isaya ni ushahidi mzuri. Mwaka wa 1947 wachungaji wa mifugo waligundua magombo ya kale kwenye pango karibu na Bahari ya Chumvi. Mojawapo lilikuwa la Isaya, na lilikuwa na umri wa kama miaka 1,000 zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zikijulikana hadi wakati huo. Wataalamu wakalinganisha. Tofauti zilikuwepo, siwezi kukudanganya, na nyingi zilikuwa za tahajia na maneno madogo madogo. Ujumbe wa Isaya ulikuwa uleule. Miaka 1,000 ya kunakili kwa mkono, bila mashine, na bado unasoma Isaya yuleyule.

Tatu, soma mwanzo wa Injili ya Luka. Luka anaeleza kwamba alichunguza mambo yote tangu mwanzo, akitegemea walioyaona kwa macho yao. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 15:6, anasema Yesu aliyefufuka alionekana na watu zaidi ya 500, na wengi wao bado wako hai. Ni kama kusema, nenda ukawaulize. Mwongo hakupi orodha ya mashahidi.

Na hata wewe kulisoma kwa Kiswahili, kuna watu waliolipa gharama. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Mwaka huohuo alimzika mke wake na mtoto wao mchanga. Na mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Ile Biblia ya Union Version tuliyolelewa nayo, iliyo kwenye mikoba ya mama zetu, ilitoka kamili mwaka wa 1952. Leo iko kwenye simu yako bure, na unaipita kwenda kutafuta video ya "neno la leo".

TUSISAHAU SHAKAHOLA

Nitasema jambo zito sasa, na nalisema kwa machozi.

Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Watoto walikuwemo. Uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Hukumu ni kazi ya mahakama, mimi nabaki na kazi ya mchungaji, ambayo ni kuuliza: tungewezaje kuwalinda?

Wale hawakuwa watu wasiompenda Mungu. Walimpenda kiasi cha kuacha kazi, kuacha nyumba, kuingia msituni. Na walikuwa na Biblia. Kuwa na Biblia ni jambo moja, kuifungua na kumpima nayo anayekuhubiria ni jambo lingine.

Biblia inasema nini kuhusu kufunga? Katika Isaya 58 Mungu anaeleza saumu anayoichagua: kumgawia mwenye njaa chakula chako, kumkaribisha maskini asiye na makao, kumvika aliye uchi. Saumu ya Mungu inamlisha mtoto. Haiwezi kumuua. Na 1 Timotheo 4 inaonya wazi kuhusu wale watakaowakataza watu vyakula alivyoviumba Mungu. Sura mbili tu, mpendwa. Mtu akizijua sura hizo mbili, ana la kumjibu mhubiri anayemwambia amnyime mtoto wake uji.

Na usishangae kusikia mafundisho ya uongo yakiwa na mistari. Katika Luka 4 shetani mwenyewe alimnukulia Yesu Zaburi ya 91. Yesu alimjibu kwa Andiko lingine, kutoka Kumbukumbu la Torati. Mstari mmoja unaweza kupindishwa. Biblia nzima ni vigumu kuipindisha mbele ya mtu anayeisoma.

"PASTA, UNAZIMA ROHO?"

Hapana. Mimi ni Mpentekoste, nanena kwa lugha, naamini karama zote. Nimeona Mungu akiponya, na nimesikia neno la unabii likimfikia mtu hadi akalia. Lakini 1 Wathesalonike 5, inayotukataza kumzimisha Roho na kudharau unabii, ndiyo hiyohiyo inayotuambia mara moja tujaribu mambo yote. Roho aliyewaongoza waandishi wa Biblia hatakuja Ijumaa usiku kwenye kesha kupinga aliyoyasema.

Paulo alikuwa mtume. Hata hivyo watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, walikuwa wakichunguza Maandiko kila siku kuona kama anayosema ni kweli. Je, aliwakasirikia? Wanasifiwa kuwa waungwana. Kama Paulo alipimwa, mimi ni nani? Kama Wagalatia 1:8 inasema hata malaika wa mbinguni apimwe, nabii wa kwenye simu yako ni nani?

Kwa hiyo mtu akikwambia "Bwana amesema", muulize, au jiulize, maswali matatu:

1. Imeandikwa wapi, na sura nzima inasema nini?

2. Nikitii, nani anafaidika? Nikisogea karibu na Kristo, vyema. Ikiwa kila unabii unaishia kwenye namba ya M-Pesa, fungua macho.

3. Linaweza kungoja wiki moja nikiomba na kusoma? "Tuma mbegu kabla ya saa sita usiku, mlango unafungwa!" Mpendwa, mlango aliofungua Mungu haufungwi na saa ya simu yako. Neno lake limengoja wenye haki karne nyingi, litangoja Jumatano.

Mtumishi wa kweli hatakasirika ukiuliza. Akikasirika, umeshapata jibu.

Mwisho, nakupa kazi. Wiki hii soma Yeremia 28 na 29 kwa kituo. Kisha anza Luka, sura moja kila siku. Ni sura 24, hata mwezi hautaisha. Mama ambaye macho yamechoka, mwambie mjukuu akusomee kwa sauti, ninyi wawili mtabarikiwa. Na Jumapili mje na Biblia mkononi. Nikihubiri kitu ambacho hakimo, njooni ofisini mniulize kama alivyoniuliza yule kijana.

Yule kijana, kama mnataka kujua, hakwenda Ghuba. Anauza vifaa vya ujenzi kwenye kibanda chake mwenyewe, na siku hizi anaongoza somo la Biblia la vijana kila Jumatano. Mara kwa mara nikimaliza kuhubiri, huwa namwona pale nyuma bado anafunuafunua kurasa akihakikisha. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Tuombe: Baba, tusamehe sisi watumishi tuliosema umesema nawe hukusema. Wape watoto wako njaa ya Neno lako. Wafumbue macho wasome, waelewe, wasidanganywe. Na pale Neno lako linapotuambia tusichotaka kusikia, tupe moyo wa kutii. Katika jina la Yesu, amina.

Mbarikiwe.